Kizuri Chajiuza au Biashara ni Matangazo? Historia ya Mbiu ya Soko katika Machakos

Utangulizi

Kiswahili kina methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Kina pia msemo wa mjini, ulio mchanga zaidi, usemao, "Biashara ni matangazo." Semi hizi mbili hazipatani. Wa kwanza unamshauri mwuzaji atulie, kwani bidhaa njema humleta mnunuzi yenyewe, na anayezunguka akiinadi bidhaa yake huwa kama anayeitilia shaka. Wa pili unamwonya kwamba akitulia atalala njaa, hali bidhaa yake nzuri imejaa ndani.

Makala haya yanakusudia kuzipima semi hizo kwa historia ya biashara katika Machakos, tangu misafara ya pembe ya karne ya 19 hadi simu ya mkononi ya leo. Swali linalotuongoza ni lile analojiuliza mwenye duka la nguo, mfuga kuku na fundi wa samani wa huko: je, mitandao ya kijamii inafaa kutangazia biashara, au ni kutupa fedha na wakati? Huenda msomaji akaona kwamba swali hili ni la wanauchumi. Sisi twaona kwamba ni la wanalugha vilevile, kwa kuwa tangazo ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la biashara. Mnunuzi huyaamini maneno, au huyakataa, kabla hajaishika bidhaa yenyewe.

Kuenea na Kudhaminiwa

Yafaa tuanze na msamiati. Kitenzi tangaza ni umbo la kusababisha la tangaa, yaani kuenea na kujulikana kila mahali. Neno mtandao nalo latokana na tanda na tandaa, ambayo pia maana yake ni kuenea. Kwa hiyo tunaposema kwamba mtu ametangaza biashara yake mtandaoni, tunataja kuenea mara mbili. Nadi na mnada, maneno tuliyoyapata kutoka Kiarabu, yanahusu kupaza sauti na kuita. Lakini Kiswahili kina pia maneno amana na dhamana, ambayo hayahusu kuenea hata kidogo. Haya yanahusu mtu: ni nani ameaminiwa, na ni nani atakayelipa mambo yakiharibika.

Hoja yetu ni kwamba katika historia ya Machakos tangazo limeleta faida kila mara mambo hayo mawili yalipokutana, yaani neno lilipoenea na likawa na mtu wa kulidhamini. Limeleta hasara pale yalipotengana. Mitandao ya kijamii imeongeza sana kuenea. Kuhusu dhamana, haikumwongezea mfanyabiashara kitu ambacho hakuwa nacho.

Jina katika Njia ya Pembe

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliotangulia katika biashara ya masafa marefu kati ya bara na pwani ya Mombasa. Walipeleka pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Chanzo kimojawapo cha safari hizo kilikuwa njaa. Kikamba kina kitenzi kuthuua, chenye maana ya kwenda kwa jirani kutafuta chakula kwa kubadilishana mali, na wanahistoria wameonyesha jinsi safari hizo fupi zilivyowazoeza watu njia na wenyeji wa mbali. Ukame wa miaka ya 1830 uliwafanya baadhi ya Wakamba kuhamia karibu na Rabai, na hao wakawa kiungo cha ndugu zao wa bara na soko la pwani.

Katika biashara hiyo hapakuwa na tangazo la maandishi. Habari za nani ana pembe na nani atafunga safari zilipitia thome, yaani uwanja wa nje ya boma ambapo wanaume walikaa kuota moto na kuzungumza. Kilichoenea kutoka thome hadi thome kilikuwa jina la mtu. Mfano mashuhuri ni Kivoi wa Kitui, ng'ambo ya mashariki ya Machakos. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na kituo Rabai, alifika kwake mwaka 1849, na akarudi tena mwaka 1851. Katika safari hiyo ya pili walivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika palepale. Krapf alibaki kuyaokoa maisha yake akiwa peke yake porini.

Tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jina la mfanyabiashara lilikuwa tangazo na dhamana kwa wakati mmoja: aliyelisikia alijua pia ni nani wa kumdai. Pale jina lilipokuwa halijafika, watu walitumia undugu wa kuchanjiana ili mgeni apate mwenyeji wa kumdhamini. La pili ni kwamba dhamana ya namna hiyo ilikuwa na mpaka, kwa kuwa ilikufa pamoja na mwenye jina. Vilevile twaona kwamba methali ya kizuri chajiuza haikuwa kweli hata siku hizo. Pembe ilikuwa kizuri kilichotafutwa na dunia nzima, na bado ilihitaji mtu wa kutembea nayo mamia ya maili.

Mji Uliopitwa na Reli

Jina Machakos ni matamshi ya wageni ya jina Masaku, mzee aliyesifika kwa utabiri. Mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapo, na kuanzia mwaka 1892 John Ainsworth akawa msimamizi. Misafara iliyokwenda Uganda ilinunua chakula Machakos, na wakulima wa vilimani wakawa na soko mlangoni pao. Kwao kituo chenyewe kilikuwa tangazo, kwani kila msafiri aliyepita alijua kwamba nafaka hupatikana hapo.

Reli ya Uganda ilipojengwa haikupita mjini Machakos. Ilipita nyandani, ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mwaka huohuo makao ya utawala wa mkoa yakahamishiwa huko. Nafaka ya vilimani haikupungua uzuri kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni njia, na njia haikuwa mali ya mkulima wala ya mwenye duka. Aliyeimiliki aliihamisha kwa sababu zake, wala hakumwuliza yeyote aliyekuwa akiitegemea.

Vinyago na Vyondo Visivyo na Jina

Mfano wa tatu ni uchongaji wa Wamunyu. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, mwenyeji wa huko, alijifunza uchongaji wa kuuza alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nao nyumbani, na majirani wakajifunza kwake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vinyago vya Wakamba viliuzwa Nairobi, Mombasa na nchi za ng'ambo. Vyama vya ushirika vikaundwa, kikiwamo kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963.

Kwa mtazamo wa kwanza mtu angesema kwamba hapa kizuri kimejiuza. Tukitazama kwa makini twaona mambo mengine. Kinyago kilifika dukani London kikiwa na jina la kabila au la nchi, lakini kwa kawaida hakikuwa na jina la mchongaji. Mnunuzi aliyekipenda hakujua amtafute nani ili apate kingine. Waliojua pande zote mbili ni wale wa katikati, na hao ndio waliopanga bei. Vyondo vya katani vilipatwa na mambo kama hayo. Katika miaka ya 1970 na 1980 vilipendwa sana Ulaya na Marekani, kisha viwanda vya ng'ambo vikaviiga kwa mashine. Mfumaji wa Machakos hakuwa na njia ya kumwambia mnunuzi, "Hiki ni kazi ya mkono wangu, na kile sicho." Bidhaa ilitangaa ulimwenguni, mtengenezaji wake hakutangaa.

Redio na Simu

Redio ilileta mbiu ya namna nyingine. Sauti ya Kenya ilitangaza kwa Kikamba pamoja na lugha nyingine za nchi, na baada ya masharti ya utangazaji kulegezwa vikatokea vituo vya kibinafsi, kikiwamo Musyi FM, ambacho jina lake kwa Kikamba lina maana ya nyumbani. Jina hilo ladokeza siri ya redio za lugha za wenyeji. Msikilizaji aliizoea sauti ya mtangazaji kama sauti ya jirani, na tangazo lililosomwa na sauti hiyo likaazima imani aliyokwisha kuipata. Tatizo lilikuwa gharama. Muda wa hewani hulipiwa, na mchuuzi wa mboga hawezi kuununua. Aidha, redio husema bila kusikia: anayetaka kuuliza kama bidhaa bado ipo hana budi kutafuta njia nyingine.

Simu ya mkononi ndiyo iliyoleta njia hiyo. Safaricom ilianza kazi kwa sura yake ya sasa mwaka 2000. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa mwezi wa Machi 2007. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa rahisi. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-Pesa, ambayo ilimwezesha hata mwenye kibanda kupokea malipo kwa namba. Kwa mara ya kwanza mchuuzi wa Machakos akawa na kinywa, sikio na kisanduku cha fedha ndani ya chombo kimoja.

Faida na Hasara za Mitandao

Facebook ilianzishwa mwaka 2004 na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2006. WhatsApp ilitokea mwaka 2009, na programu yake maalumu ya wafanyabiashara mwaka 2018. Kwa kuwa kuingia humo hakudai ada, mfumaji wa kiondo aweza leo kuweka picha ya kazi yake pamoja na jina lake na namba yake. Faida hii si ndogo. Ndiyo iliyokosekana Wamunyu kwa muda mrefu: mnunuzi kumjua mtengenezaji pasipo kupitia kwa mtu wa kati.

Faida ya pili yaonekana katika vikundi vya WhatsApp. Ukambani kuna desturi ya mwethya, yaani watu wa jirani kukusanyika kufanya kazi pamoja. Kwa mwethya, na hasa kwa nguvu za wanawake, vilima vya Machakos vilichimbwa matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo katika miaka ya 1950 na baadaye. Kikundi cha simu kilichoundwa juu ya mwethya, au juu ya chama cha akiba, au juu ya kanisa, kina dhamana tayari kabla ya tangazo la kwanza. Anayetangaza mayai au maembe humo anajulikana kwake, na akidanganya atakutana na aliyemdanganya. Hapa kuenea ni kudogo na faida ni ya hakika.

Tutazame sasa upande wa hasara. Kwanza, wasikilizaji si wengi kama inavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kaunti ya Machakos watu 1,421,932. Lakini sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba, kwa nchi nzima, waliotumia intaneti miongoni mwa watu wa miaka mitatu na zaidi walikuwa asilimia 22.6 tu. Idadi imeongezeka tangu hapo, lakini mwenye duka ambaye wateja wake ni wazee wa Yatta au Masinga hana budi kulikumbuka jambo hili.

Pili, njia ina mwenyewe. Mwezi wa Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za jamaa na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara. Wafanyabiashara waliokuwa wamekusanya wafuasi kwa miaka waliona matangazo yao yakiwafikia watu wachache, isipokuwa wakilipa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp, zote za mmiliki mmoja, zilizimika kwa muda wa saa sita hivi duniani kote. Aliyekuwa na namba za wateja wake katika daftari alipiga simu. Aliyekuwa nazo humo tu alingoja. Haya ndiyo yaliyoupata mji wa Machakos mwaka 1899, kwa sura nyingine.

Tatu, picha si bidhaa. Hatari hii huwa kubwa kwa kadiri bei inavyopanda. Sehemu ya kaunti iliyo karibu na Nairobi, yaani Athi River, Mlolongo na Syokimau, imejaa biashara ya viwanja, na viwanja hutangazwa sana mitandaoni. Mwezi wa Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa Mavoko katika ardhi iliyoamuliwa kuwa ni mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement, na miongoni mwa waliopoteza makao walikuwamo watu walionunua kwa nia njema. Hatusemi kwamba maafa hayo yaliletwa na mitandao. Kununua ardhi bila hati ni jambo lililokuwapo kabla yake. Twasema tu kwamba hakuna wingi wa picha wala wa sifa unaoweza kushika mahali pa hati iliyokaguliwa.

Lugha ya Tangazo

Mfanyabiashara wa Machakos ana lugha nne mkononi: Kikamba, Kiswahili, Kiingereza na Sheng. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 46, imelitaka Bunge litunge sheria ya kumlinda mnunuzi na ya kuhakikisha kwamba matangazo ni ya haki na ya kweli. Lakini tangazo lisiloeleweka haliwezi kupimwa ukweli wake. Kwa hiyo kuchagua lugha ya tangazo ni kuchagua pia ni nani atakayeweza kukuuliza.

Kikamba humfikia mwenyeji na Mkamba aliye mbali na nyumbani, na hubeba ujirani pamoja nacho. Kiswahili ndicho kinachofaa Athi River na Mlolongo, ambako viwanda vimekusanya wafanyakazi wa kila kabila. Sheng huwavuta vijana, lakini huchakaa upesi. Kiingereza hutafutwa kwa ajili ya heshima, na mara nyingi huishia kuwa sifa zisizo na habari: bidhaa ni bora, huduma ni ya hali ya juu, na msomaji hajaambiwa duka liko mtaa gani.

Desturi moja ya matangazo ya mitandaoni yastahili kuchunguzwa na wanalugha. Mwuzaji huweka picha, na mnunuzi akiuliza bei hadharani hujibiwa, "Njoo inboksi." Katika soko la Marikiti mjini Machakos bei hutajwa wazi. Mnunuzi husema, "Punguza kidogo, mama," naye mwuzaji hujibu, "Hiyo ndiyo ya mwisho, lakini nitakuongezea." Majadiliano hayo husikiwa na walio karibu, na kusikiwa huko ni ulinzi wa mnunuzi, kwani bei ya haki hujulikana kwa kulinganishwa. Inboksi huugeuza mnada kuwa mnong'ono. Wauzaji wanayo sababu yao: wanaogopa mshindani atakayeona bei na kuipunguza. Hata hivyo mnunuzi huona kwamba anapimwa uwezo wake kabla ya kutajiwa bei, na shaka hiyo humgharimu mwuzaji zaidi kuliko mshindani. Tena ile nyongeza ya sokoni, konzi ya maharagwe inayotiwa juu ya kipimo, ambayo ndiyo hasa humrudisha mteja, haina nafasi yake katika maandishi mpaka mwuzaji aitafutie.

Hitimisho

Jibu letu ni kwamba mitandao ya kijamii inamfaa mfanyabiashara wa Machakos, lakini kwa masharti matatu. Sharti la kwanza ni kwamba tangazo limwongoze mnunuzi kwa mtu na mahali panapojulikana: jina, mtaa, namba ya simu na bei. Lisipofanya hivyo linaenea tu. Sharti la pili ni kwamba mfanyabiashara asiitegemee njia moja ya mtu mwingine. Awe na daftari lake la wateja, aliloliandika kwa ridhaa yao kama inavyotaka Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sharti la tatu ni kwamba aseme lugha ya mnunuzi wake, kwa maneno ambayo yuko tayari kuulizwa habari zake ana kwa ana. Ambaye hawezi kutimiza masharti haya ni afadhali fedha zake azitumie kuongeza bidhaa kibandani.

Kwetu sisi wanalugha kuna kazi pia. Matangazo ya simu hufutika upesi, na pamoja nayo yanapotea maelfu ya matini ya Kiswahili na Kikamba yanayoonyesha jinsi watu wanavyoshawishiana, wanavyoheshimiana na wanavyodanganyana. Idara zetu zingefanya vyema kuyakusanya kwa idhini ya wenyewe, na shule zetu zingefanya vyema kufundisha uandishi wa tangazo la kweli sawasawa na zinavyofundisha barua rasmi.

Ama kuhusu semi zetu mbili, historia haikuupa ushindi wowote kati yao. Msemo wa mjini umesahau kwamba mbiu isiyo na mdhamini huwatia watu hasara. Methali nayo inamdharau anayejitembeza, lakini Wakamba wa njia ya pembe walijitembeza miaka mingi na bidhaa njema, na mchongaji wa Wamunyu aliyetulia nyumbani alikuta kwamba wengine wamejitembeza kwa kazi yake. Kutembea hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kutembea bila jina, au kuliacha jina lichukuliwe na mwingine.